Kabla ya Kuitupa Mashine: Namna ya Kuifanya CNC Iliyotumika Isikilizane na Kompyuta

Ifuatayo ni hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa mitambo na umeme kwa wakufunzi wa vyuo vya mafunzo ya ufundi, mafundi wa jua kali na vikundi vya vijana kutoka Embu na Meru. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi walio na mashine za aina hii au wanaopanga kununua.



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini linaweza kufungia pesa za watu kwa miezi. Ni mashine ya CNC ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ambayo inawaka vizuri lakini haisikilizani na kompyuta.

Kwa wale ambao hawajaiona, hii ni mashine ya kuchonga, ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza. Ina mota tatu za kusogeza: moja kushoto na kulia, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Mota ya nne inazungusha biti inayokata. Hakuna mtu anayezungusha gurudumu kwa mkono. Kompyuta ndiyo inayotuma amri, na mashine inafuata. Fundi wa Gakoromone anaweza kuitumia kuchonga kielelezo cha mbao cha kumiminia alumini. Fundi wa redio mjini Embu anaweza kuchonga bodi ya saketi ya mashine ya kuangua vifaranga. Mama anayetengeneza sabuni anaweza kupata muhuri wa jina la biashara yake. Kazi zipo. Mashine mpya ni ghali, ndiyo maana wengi wetu tunatafuta iliyotumika.

Sasa, tuseme kikundi cha vijana kumi kule Runyenjes, au Nkubu, kimetoa akiba ya mwaka mzima na kununua mashine hiyo. Imefika, imechomekwa, taa inawaka. Wanatuma kazi kutoka kwa kompyuta, mashine haijibu. Wanabadilisha kebo, bado. Wiki ya pili wanaanza kumuuliza mweka hazina maswali. Wiki ya nne mashine imefunikwa kwa gunia, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu amekuja na mizani yake.

Ninataka mtoke hapa leo na jambo moja. Mashine inayowaka lakini haisikii kompyuta, mara nyingi haijaharibika. Kasoro mara nyingi iko katikati: kwenye kebo, kwenye tundu, kwenye mpangilio wa kasi, au kwenye programu. Na kasoro hiyo inaweza kutafutwa na mtu yeyote mwenye subira, klipu ya karatasi na mita ya umeme, mradi afuate utaratibu na asiruke hatua.

Anza na umeme na usalama

Kabla ya kugusa kebo ya kompyuta, soma kibao kilicho nyuma ya mashine. Umeme wetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120, na ya Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, hutahitaji tena ushauri wangu. Kama kibao hakisemi inapokea hadi volti 240, nunua transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi wati za mashine.

Pili, toa biti kwenye kichwa. Majaribio yote nitakayoyataja leo hufanywa bila biti na bila kitu kilichofungwa mezani, kwa sababu mashine iliyokaa kimya siku tatu inaweza kuamka ghafla na kukimbia upande usioutarajia.

Tatu, tazama kitufe chekundu cha dharura na kifuniko. Mashine nyingi hukataa amri zote kitufe kikiwa kimebonyezwa au kifuniko kikiwa wazi. Kwenye Roland MDX-20, taa ya VIEW ikiwaka maana yake mashine imesimama kwa makusudi, na itaendelea kungoja mpaka ubonyeze kitufe hicho. Hapo hakuna kilichoharibika.

Jua mashine yako ni ya ukoo gani

Mashine hizi hutofautiana kwa namna zinavyopokea amri, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Geuza mashine, utazame tundu la kebo.

Ukoo wa kwanza ni wa poti ya siriali. Tundu lina pini 9 au 25. Herufi hupita moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, kama watu wanaovuka daraja jembamba. Mtindo huu uliwekwa rasmi Marekani mwaka wa 1960 kwa jina la RS-232, na bado uko hai. Roland MDX-15 na MDX-20, ambazo zilitumiwa sana katika karakana za mafunzo duniani, ni za ukoo huu.

Ukoo wa pili ni wa poti ya paraleli, ile iliyotumiwa na printa za zamani. Tundu lina nafasi 25. Hapa mashine haina akili yake. Kompyuta ndiyo inayohesabu kila hatua ya kila mota na kutuma pigo la umeme kwa kila hatua.

Ukoo wa tatu ni wa USB. Mashine ndogo za Kichina zinazoitwa 3018 ziko hapa, na nyingi zinaendeshwa na programu ya ndani iitwayo GRBL, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwe mwaka wa 2009 na kutolewa bure.

Hapa kuna tahadhari moja kubwa. Tundu la nafasi 25 linaweza kuwa siriali au paraleli, na kebo ikaingia kote kuwili. Nyuma ya kompyuta, lenye pini zinazotokeza ni siriali, na lenye vishimo ni paraleli. Paraleli hutumia volti 0 hadi 5. Siriali inaweza kufika volti 15 chanya na 15 hasi. Ukiziunganisha kimakosa unaweza kuchoma bodi ambayo ilikuwa nzima. Kama huna hakika, tafuta kitabu cha mashine kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibao.

Mashine ya siriali: jaribu kipande kwa kipande

Kompyuta za siku hizi hazina poti ya siriali, kwa hiyo utahitaji adapta ya kutoka USB. Nunua inayotaja chipu yake. Adapta nyingi za bei ya chini zina chipu za kuiga za PL2303, au za toleo lililoachwa mwaka wa 2012, na Windows mpya huzikataa. Fungua ukurasa wa Device Manager. Ukiona alama ya njano, au maneno kwamba chipu hiyo imeondolewa sokoni, mashine yako haina kosa. Badilisha adapta.

Adapta ikikubaliwa, itapewa namba, kwa mfano COM3 au COM5. Iandike. Ukiihamishia kwenye tundu jingine la USB, namba inaweza kubadilika, na programu itaendelea kuzungumza na namba ya zamani ambayo haina mtu.

Sasa chukua klipu ya karatasi. Chomeka adapta na kebo kwenye kompyuta, lakini usichomeke upande wa mashine. Fungua programu ya teminali, kwa mfano PuTTY, ambayo ni ya bure, na uzime udhibiti wa zamu. Kwenye mwisho wa kebo, unganisha pini namba 2 na namba 3 kwa klipu hiyo. Iwe tundu la 9 au la 25, namba ni hizo hizo. Piga herufi yoyote kwenye kibodi. Pini moja inatuma na nyingine inapokea, kwa hiyo herufi inapaswa kurudi kwenye skrini. Ikirudi, kompyuta, adapta na kebo ni nzima. Isiporudi, toa kebo na ufanye jaribio hilo kwenye adapta yenyewe. Kwa dakika tano umejua kasoro iko upande gani, na hujamlipa mtu hata shilingi.

Kama jaribio limefaulu lakini mashine bado kimya, huenda kebo si ya aina yake. Kuna kebo iliyonyooka, ambayo namba 2 huenda kwa 2, na kuna iliyopishana, ambayo 2 huenda kwa 3 na 3 huenda kwa 2. Kwa macho hazitofautiani. Weka mita yako kwenye sauti ya kupima waya, uguse pini moja moja, kisha ulinganishe na mchoro ulio kwenye kitabu cha mashine.

Baada ya hapo, linganisha mpangilio. Pande zote mbili lazima zikubaliane juu ya kasi, idadi ya biti za data, na biti ya kufunga. MDX-20 hutaka kasi 9600, biti 8 za data, bila pariti, na biti 1 ya kufunga. Kila herufi hubebwa na biti 10, kwa hiyo ni herufi 960 kwa sekunde. Kasi ikitofautiana, mashine hupokea takataka, au teminali inakuonyesha alama zisizosomeka. Takataka ni habari njema, kwa sababu zinakuambia waya unapitisha. Kilichobaki ni namba.

Mwisho kuna zamu. Mashine ina kumbukumbu ndogo. Ikijaa, huiambia kompyuta ingoje kupitia nyaya za pembeni, ambazo kwenye tundu la 9 ni pini 7 na 8. Kebo ya nyaya tatu tu haina njia hiyo. Dalili yake ni hii: kazi inaanza vizuri, mstari wa kwanza na wa pili ni safi, halafu mashine inapotea njia na kukata mahali pasipostahili. Wengi hudhani mota imechoka. Tafuta kebo yenye nyaya zote, kisha uwashe udhibiti wa zamu kwenye kompyuta.

Mashine ya paraleli: usitegemee adapta

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu swali kubwa ni kompyuta. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Dereva ya mota ikigawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600. Skurubu ikisogeza milimita 4 kwa mzunguko, kila milimita inahitaji mapigo 400. Ukitaka mwendo wa milimita 10 kwa sekunde, ni mapigo 4,000 kila sekunde, yakipishana kwa usawa. Adapta ya USB ya printa haiwezi kazi hiyo, hata ikiwa mpya kabisa.

Kinachohitajika ni kompyuta ya zamani ya mezani yenye poti ya paraleli kwenye bodi yake. Hizi bado zinapatikana kwa wauzaji wa kompyuta kuukuu, na ofisi nyingi zinazo stoo. Programu ya Mach3 hutumia poti hiyo kwenye Windows ya biti 32 pekee, mwisho wake Windows 7. LinuxCNC ni ya bure, imetokana na mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, na ina jaribio lake la kupima kama kompyuta inatosha. Kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, hakikisha poti imewashwa. Anwani yake ya kawaida ni 378.

Mashine ya USB: msikilize GRBL

Kwenye 3018 na jamaa zake, chipu inayopokea USB mara nyingi ni CH340. Windows ikiwa haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambua chipu, mashine haitaonekana kama poti. Isakinishe, kisha uchomeke tena. Kama bado haionekani, badilisha kebo kabla ya jambo lolote, kwa sababu kebo nyingi za simu hubeba chaji peke yake na hazina nyaya za data. Kwa wanaotumia Ubuntu 22.04, programu ya kusaidia wasioona kusoma kwa nukta, iitwayo brltty, inaweza kuinyakua CH340 ikidhani ni kifaa chake. Kama hakuna anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, iondoe. Halafu mwingize mtumiaji kwenye kundi la dialout ili aruhusiwe kufungua poti.

Fungua teminali kwa kasi 115200. GRBL itakusalimu kwa jina lake na namba ya toleo. Isiposalimu, jaribu 9600, kwa maana matoleo ya zamani yalitumia kasi hiyo. Andika alama ya dola mara mbili, $$, nayo itakuorodheshea mipangilio yote. Nakili orodha hiyo kwenye daftari kabla ya kubadilisha chochote. Namba 100, 101 na 102 ni idadi ya mapigo kwa milimita, na aliyeimiliki mashine kabla yako alizipima kwa jasho. Ikijibu kwamba imejifunga kwa tahadhari, hakikisha hakuna kilichokwama, kisha uandike $X kuifungua.

Inasikia, lakini lugha si moja

Waya ukipitisha na kasi zikilingana, bado kuna lugha. Mashine nyingi huelewa msimbo wa G: G0 ni nenda haraka, G1 ni nenda ukikata. MDX-20 hutumia lugha ya Roland iitwayo RML-1. Huko vipimo ni vya robo ya kumi ya milimita, yaani 0.025, na amri ya kwenda 1000 humaanisha milimita 25. Ukiitumia msimbo wa G, haitafanya kazi yako, na wala haitakuambia kwa nini. Uliza mashine yako inasema lugha gani kabla ya kulaumu kebo.

Halafu kuna sisi wenyewe na mabanda yetu. Katika banda la jua kali, mashine ya kuchomelea vyuma iko kwenye laini moja na CNC. Kila mara fundi akigusisha fimbo, volti inashuka na nyaya zinapokea kelele, na USB inakatika katikati ya kazi. Ukiona mawasiliano yanakatika mota ya biti inapowaka, au jirani anapochomelea, usibadilishe programu. Hakikisha waya wa arthi umefika ardhini kweli. Tumia kebo fupi yenye kinga, uipitishe mbali na waya wa mota ya biti. Jaribu kutumia laptopu kwa betri yake, chaja ikiwa nje. Kama kasoro inaisha, umeipata.

Kabla ya kutoa pesa

Nimesema haya yote kwa wale ambao tayari wana mashine. Kwa wanaopanga kununua, maneno yangu ni machache. Usikubali taa kuwa ushahidi. Taa inathibitisha umeme tu. Mwambie muuzaji achomeke kompyuta, na uone mashine ikienda milimita 50 kila upande na kurudi palepale ilipoanzia. Pima kwa rula. Ulizia kompyuta iliyokuwa ikiitumia, kebo yake, diski ya programu na kitabu. Muuzaji akisema kompyuta yake imeharibika, pengine ni kweli, lakini bei ya mashine isiyoonyeshwa ikifanya kazi si bei ya mashine inayofanya kazi. Kikundi kiwe na watu wawili siku ya kukagua, na ahadi yoyote iandikwe na kutiwa sahihi.

Mashine yako ikishaongea, bandika karatasi ubavuni mwake: namba ya poti, kasi, aina ya kebo, jina la programu na toleo lake. Aliyejua akihamia Nairobi, wanaobaki wasianze upya.

Kwa wakufunzi wenzangu nasema hivi. Tangu Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Vyuo hivi viko karibu na watu. Jaribio la klipu ya karatasi halihitaji maabara mpya, na mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa kwanza anaweza kulifanya. Tuliingize kwenye masomo yetu. Na kwa vikundi vilivyokwama, tuna Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, na Meru National Polytechnic. Kuuliza si ujinga. Nendeni na daftari lenye mlichojaribu na kilichotokea, maana fundi anayeletewa maelezo huanza kazi pale mlipofikia.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu akija, mwambieni angoje wiki moja. Pitieni hatua hizi kwanza, kutoka umeme hadi kebo, kutoka kebo hadi kasi, kutoka kasi hadi lugha. Mkifika mwisho na mashine bado haijajibu, hapo mtakuwa na haki ya kusema bodi imekufa, na mtajua ni sehemu gani ya kununua.

Sasa niko tayari kwa maswali, na aliyekuja na kebo yake aisogeze hapa mbele tuipime.